Somo la Afya kwa Vijana: Ute wa Kawaida na Dalili za Ugonjwa



Kando ya njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, wapo wasichana wanaobalehe bila kuelezwa habari za miili yao. Msichana akiona unyevu kwenye chupi huogopa na kunyamaza. Akisema, huenda akaitwa mhuni. Kwa hiyo tunawaletea somo hili, wanakamati na wafadhili wetu.

Ute wa kawaida

Ute huanza kutoka miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza. Ni mweupe au hauna rangi, hauna harufu kali wala hauwashi. Yai linapokaribia kupevuka, ute huteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Wanandoa wanaopanga uzazi kwa njia ya asili wanaujua. Huo si uchafu. Husaidia kusafisha uke.

Dalili za ugonjwa

- Mzito kama maziwa mgando, pamoja na kuwashwa: mara nyingi ni fangasi.
- Mwepesi wa kijivu, wenye shombo la samaki: bakteria wa kawaida wa ukeni wamevurugika.
- Wa njano au kijani, wenye povu: huenda ni trikomona.
- Usaha, maumivu ya kukojoa au ya chini ya kitovu: huenda ni kisonono au klamidia. Haya yasipotibiwa huweza kuleta utasa, na mara nyingi hayaonyeshi dalili.

Tusihukumu

Fangasi na kuvurugika kwa bakteria humpata hata msichana ambaye hajawahi kujamiiana. Lakini mtoto ambaye hajabalehe akitokwa na damu au uchafu wenye harufu, apelekwe hospitali mara moja. Ikidhaniwa amedhulumiwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe.

Kinga na tiba

Tuoshe nje tu kwa maji safi, na chupi zianikwe juani. Sabuni, shabu, ugoro na mitishamba visiingizwe ukeni. Tusinunue dawa kwa kubahatisha. Twende zahanati na tumalize dozi. Kwa trikomona, kisonono na klamidia, mwenzi naye atibiwe.

Maswali kwa kamati

1. Je, wasichana wa kigango chetu wana mama wanayeweza kumwuliza kwa siri?
2. Ni lini tutamwalika muuguzi azungumze na vijana, wavulana wakiwemo?
3. Nani atamsindikiza msichana asiye na nauli ya kwenda zahanati?