SOMO: MOTO UNAOUA FUNZA WA MAEMBE

Ninyi wakulima, sikieni. Mama mmoja anabeba kikapu cha maembe mpaka soko la Likasi. Ngozi ya maembe ni nzuri, harufu nzuri. Mnunuzi anapasua embe moja, anaona funza ndani. Anarudisha kikapu chote. Mama amechoka bure: chumvi hakupata, sabuni hakupata.

Funza ametoka wapi? Nzi wa matunda anatoboa ngozi ya embe likiwa lingali mtini, anataga mayai ndani. Mayai yanakuwa funza, nao wanakula nyama ya embe. Kiisha wanatoka, wanaingia katika udongo, na huko wanageuka kuwa nzi. Tena kuna nzi mgeni wa Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003, kiisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika, hata Kongo yetu.

Je, moto unaweza kuua funza pasipo kupika embe? Ndiyo, lakini njia ni nyembamba. Maembe mengi yanayopelekwa Marekani yanatiwa kwanza katika maji yenye moto wa digri 46.1. Embe refu la bapa lisilopita gramu 375, dakika 65. Embe la mviringo lisilopita gramu 500, dakika 75. Likifika gramu 700, dakika 90. Kwa sababu gani muda unazidi? Kwa sababu moto unaingia polepole, na funza anaweza kukaa ndani sana, karibu na kokwa.

Sasa mushike neno kubwa. Funza aliyepata moto kidogo hafi, anauzoea. Mwili wake unatengeneza protini za kumlinda, na moto ukirudi anauvumilia kuliko mwenzake. Basi maji ya vuguvugu ni kumfundisha adui. Na maji yakizidi moto, embe linaharibika. Musipime kwa kidole. Pasipo kipimo cha moto, muache kazi hii.

Lakini maembe mabovu yaliyoanguka hayauzwi, kwa hiyo hatuogopi kuyapika. Mufanye hivi:

1. Muyaokote kila siku, mbele funza hawajaingia udongoni.
2. Muyatie katika mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, muufunge sana.
3. Muuweke juani siku kadhaa, si kivulini. Siku ya mawingu musiihesabu, kwa maana moto kidogo hauui.
4. Mupasue embe moja, mutazame. Kama funza angali anatikisika, mufunge tena.
5. Kama hamuna mfuko, muchimbe shimo, mufukie maembe chini ya udongo wa nusu metre.

Mtu mmoja akifanya, na jirani yake akikataa, nzi watatoka kwa jirani. Kwa hiyo mufanye kijiji kizima pamoja, tangu embe la kwanza kuanguka mpaka la mwisho.