Kutoka Ndoo ya Jikoni hadi Bustani ya Mtaa: Mboji Salama kwa Afya ya Jamii

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, zaidi ya nusu ya taka hutoka jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, ugali uliolala. Hizo ndizo taka zinazooza upesi, zinazonuka, na zinazoita nzi na panya. Gari la taka likichelewa siku chache tu, ndoo hufurika. Mvua za masika zikinyesha, zilizotupwa nje husombwa hadi kwenye mitaro na kuiziba, maji machafu yakaingia uani na visimani. Zile zinazofika dampo la Pugu huozea humo bila hewa na kutoa gesi ya methani.

Mitaa yenye bustani ya pamoja ina njia nyingine, nayo ni kugeuza mabaki hayo kuwa mboji. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyolinda afya, jinsi inavyofanywa kwa usalama, na ni wagonjwa gani wanaopaswa kukaa mbali na rundo la mboji hata kama wanaipenda bustani.

Nzi na siku saba

Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwenye taka mbichi. Katika hali ya joto kama ya Pwani, yai huwa buu, kisha nzi kamili, kwa muda wa takribani siku saba hadi kumi. Nzi huyo hutua chooni, kisha kwenye chakula, akibeba vimelea vya kuhara miguuni na tumboni mwake. Kwa hiyo mabaki yakikaa ndani ya ndoo yenye mfuniko na kupelekwa bustanini angalau mara mbili kwa wiki, mzunguko huo hukatika kabla buu hajapata mabawa. Faida hii hupatikana hata kabla mboji yenyewe haijaiva.

Joto ndilo dawa

Mboji si taka iliyoachwa ioze. Ni taka inayoliwa na bakteria na kuvu wanaohitaji hewa, unyevu na chakula chenye uwiano. Mabaki ya jikoni yana naitrojeni nyingi; majani makavu, maranda ya mbao na mabua yana kaboni nyingi. Uwiano unaofaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kwa vitendo, hii ni ndoo moja ya mabaki ya jikoni kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu.

Rundo lenye urefu, upana na kimo cha mita moja hivi huanza kupata joto ndani ya siku chache, na kiini chake huweza kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto hilo likidumu, huua bakteria wengi wa magonjwa, mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Kwa kuwa pembeni pa rundo hubaki baridi, rundo lazima ligeuzwe ili kila sehemu ipite katikati. Kwa marundo ya wazi, kanuni inayotumika ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, huku rundo likigeuzwa angalau mara tano. Rundo dogo la nyumba moja aghalabu halifikii joto hilo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kaya kuunganisha mabaki yao bustanini.

Hatua za kufuata

1. Chagua eneo lenye kivuli, mbali na kisima na mtaro. Epuka mahali palipokuwa gereji au penye kuyeyushia betri, kwa sababu mboji haiondoi madini ya risasi kwenye udongo.
2. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Panga tabaka la majani makavu, kisha la mabaki, na kila mara malizia kwa majani makavu. Mabaki yasiyofunikwa ni mwaliko kwa nzi.
3. Usitie nyama, samaki, mafuta, nepi, wala kinyesi cha binadamu, mbwa au paka.
4. Pima unyevu kwa kufinya konzi moja: yatoke matone machache tu. Likinuka, ongeza majani makavu na uligeuze; likikauka, nyunyiza maji.
5. Chomeka kijiti kirefu katikati. Kikitolewa kiwe cha moto na chenye unyevu. Kikiwa baridi, rundo linahitaji kugeuzwa, maji au mabaki mabichi. Kijiti huonyesha tu kwamba kazi inaendelea. Bustani yenye kipimajoto itumie hicho.
6. Joto likishashuka, acha mboji itulie kwa wiki kadhaa. Iliyoiva ni nyeusi, hunukia udongo, na maganda hayatambuliki tena.

Nani ajihadhari

Joto linaloua vimelea vingi halimwui kuvu aina ya aspajilasi. Huyu hustawi humo. Rundo linapogeuzwa, chembe zake hupaa pamoja na vumbi. Mtu mwenye mapafu mazima huzivuta na mwili ukaziondoa. Sivyo kwa mtu aliyepona kifua kikuu na kubaki na matundu kwenye mapafu. Ndani ya matundu hayo kuvu huweza kujenga makazi, na miezi baadaye mgonjwa akaanza kukohoa, kukonda, hata kutema damu. Dalili hizo hufanana mno na za kifua kikuu kilichorudi.

Kwa sababu hiyo, waliowahi kuugua kifua kikuu, wenye pumu, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, walio katika tiba ya saratani na wenye VVU ambao kinga yao imeshuka wasigeuze wala kuchekecha mboji, na wasiwe karibu wakati wengine wakifanya hivyo. Kuotesha miche, kupanda na kuvuna ni kazi wanazoweza kupewa. Wengine nao wavae barakoa, glavu na viatu vilivyofunikwa, walowanishe rundo kidogo kabla ya kuligeuza, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Australia ilibaini homa ya mapafu iliyosababishwa na bakteria aina ya lejonela waliotokana na udongo wa kuoteshea maua. Tahadhari hizi zinawahusu nao pia.

Pepopunda isisahaulike. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na samadi. Wanawake wengi huchanjwa kliniki ya wajawazito, lakini wanaume wengi hawajapata chanjo hiyo tangu utotoni. Jeraha lolote la bustanini lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na mhusika afike kituoni.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa aliyemaliza dozi ya kifua kikuu akirudi na kikohozi cha muda mrefu au damu, huku makohozi hayaonyeshi vimelea, aulizwe kazi anazofanya, bustani ikiwamo. Apelekwe kupigwa picha ya kifua na, inapowezekana, kupimwa aspajilasi, kabla ya kuanzishiwa tena dawa za kifua kikuu ambazo huenda hazihitaji. Swali hilo moja huchukua nusu dakika, na huweza kumwokoa na miezi sita ya tiba isiyo yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini rundo la pamoja ni salama kuliko rundo dogo la kaya moja?
2. Katika bustani ya mtaa wenu, nani hugeuza mboji, na je, aliwahi kuulizwa historia ya afya yake?
3. Mwanaume wa miaka 40 amejikata kwa jembe bustanini. Ni mambo gani matatu ya kumuuliza na kumfanyia?