Kabla Hujanunua Uanachama wa Klabu São Paulo

Ukihamia São Paulo na familia, huenda mwenzako wa kazini akakualika kushinda Jumapili klabuni kwake. Huko kuna mabwawa, viwanja vya tenisi, ukumbi wa mpira wa kikapu, maktaba na mgahawa, vyote ndani ya ukuta mmoja. Mfano ni Esporte Clube Pinheiros, iliyoanzishwa na wahamiaji Wajerumani mwaka 1899 kwa jina la Sport Club Germânia. Ina eneo la mita za mraba 170,000 hivi, na César Cielo, bingwa wa Olimpiki wa 2008 katika mita 50 mtindo huru, aliwahi kuiwakilisha. Ukishaonja, utatamani kujiunga. Kwanza fanya haya.

Jua unachonunua. Klabu ni ya wanachama na haigawi faida. Unachonunua ni *título*, yaani hisa, mara nyingi kutoka kwa mwanachama anayetoka. Kwa hiyo bei ni ya kupatana.

Piga hesabu yote. Kuna bei ya hisa, ada ya uhamisho inayokwenda klabuni, na ada ya kila mwezi, ambayo utalipa hata usipokanyaga. Usishangilie hisa ya bei poa, kwani ada ya uhamisho inaweza kuizidi, na siku ukiuza hairudi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pita ofisini kabla ya kumlipa muuzaji. Uliza kama hisa ina deni, watoto huhesabiwa wategemezi hadi umri gani, na kama masomo ya kuogelea hulipiwa kando.

Andaa karatasi. Utahitaji CPF, namba ya mlipakodi, na klabu nyingi hutaka wanachama wakudhamini. Usishangae daktari akikukagua katikati ya vidole vya miguu: anatafuta fangasi, na bila kibali chake huingii bwawani.

Gharama ya klabu ikikushinda, nenda Sesc, taasisi yenye vituo vya michezo na utamaduni. Vituo vyake ni vya bei nafuu. Kile cha Pompeia, kilichofunguliwa 1982 ndani ya kiwanda cha zamani, kilisanifiwa na Lina Bo Bardi. Wafanyakazi wa biashara na huduma hupata kadi pamoja na familia zao, hivyo muulize mwajiri wako. Kama mkataba wako wa kazi ni wa miaka miwili tu, anzia hapo. Hisa inamfaa anayekusudia kubaki.