Kamera Ikizimwa: Kusoma Mathayo 6 Ukiwa Unatafuta Jina



Nimeombwa niandike kuhusu kazi, ustaa na kukua kiroho, eti kwa sababu mimi ni mwigizaji. Nilikubali haraka, halafu nikakaa wiki mbili sijaandika neno. Sababu mtaiona humo ndani. Kabla hujaendelea, naomba ufungue Biblia yako usome Mathayo 6:1-6, kisha 16-18. Ni Injili ile ile tunayosomewa kila Jumatano ya Majivu, kwa hiyo usiseme unaijua. Mimi nimeisikia tangu mtoto, na nimekuja kuielewa mwaka jana tu, tena kwa kuumia.

Yesu anazungumzia mambo matatu pale: sadaka, sala na kufunga. Katika yote matatu anatuonya tusifanane na watu ambao Biblia yetu inawaita wanafiki. Kwenye semina moja ya VIWAWA, padre aliyekuwa anatufundisha alieleza kwamba neno la Kigiriki lililoandikwa pale, hypokrites, lilikuwa jina la kazi kabisa. Ndivyo alivyoitwa mwigizaji wa jukwaani, yule aliyevaa kinyago na kusema maneno ya mtu mwingine mbele ya watazamaji. Basi ukumbi mzima ukanigeukia ukicheka. Na mimi nikacheka, nikainama kama vile napokea tuzo.

Padre akaongeza kitu kingine. Pale Yesu anaposema watu hao wamekwisha kupata thawabu yao, neno la Kigiriki ni lile lililotumika kwenye risiti za biashara za wakati ule. Maana yake mtu amelipwa chote, hadai tena. Ukitoa sadaka ili uonekane, ukaonekana, mmemalizana. Hapo sikucheka.

Naomba tuelewane mapema: Yesu hapo halaumu kazi ya kuigiza. Nasema hivi kwa sababu kuna mama mmoja kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba kuigiza ni kujifunza uongo. Shikamoo yake nampa kila siku, lakini hapo tulitofautiana. Kanisa lina hata msimamizi wa waigizaji, Mtakatifu Genesio, mwigizaji wa Roma ambaye mapokeo yanasema aliongoka akiwa jukwaani, katika mchezo uliokuwa ukidhihaki ubatizo. Watazamaji waliokuja kuona mchezo wanajua ni mchezo, hakuna aliyedanganywa. Shida inaanza pale unapopiga magoti kusali huku jicho moja linaangalia nani amekuona.

Sasa niwaambie yangu.

Nilianza kuigiza parokiani. Ijumaa Kuu moja kijana aliyekuwa aigize Yesu kwenye Njia ya Msalaba aliugua malaria, mimi nikabebeshwa msalaba kwa sababu tu nilikuwa mwembamba na nilikuwa nimefuga nywele. Lakini hamu ya ustaa ilinishika zamani zaidi, na naona aibu kidogo kusema ilivyonishika. Jumamosi Kuu ya mwaka 2012, tarehe 7 Aprili, Dar es Salaam iliamka na habari kwamba Steven Kanumba amefariki, akiwa na miaka 28. Nilikuwa shule ya msingi. Siku ya kumuaga pale Leaders Club nilisimama kando ya barabara kuelekea Kinondoni nikiangalia watu ambao sikuona mwisho wao. Wakubwa walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nawaza: siku moja na mimi watu wajae hivi. Niliutamani umati wa mazikoni, fikiria!

Miaka ikapita, nikaingia kwenye tamthilia. Wengi mnadhani kazi yetu ni kukaa mbele ya kamera. Kwa kiasi kikubwa ni kusubiri. Unaamka saa kumi alfajiri, unapanda daladala mbili mpaka lokesheni, unakaa kwenye kiti cha plastiki hadi saa nane mchana ndipo uitwe useme sentensi tatu. Unazisema mara tisa kwa sababu pikipiki imepita, au jogoo wa jirani ameamua naye aigize. Jioni mtayarishaji anakupa nauli na ahadi. Kuna kazi moja nimecheza hadi leo sijalipwa nusu ya pesa yangu, na kosa langu ni kwamba sikusaini mkataba; niliona aibu kuuliza habari za pesa nikiwa ndiyo kwanza nimepewa nafasi. Kijana unayeingia kwenye sanaa, uliza. Kazi ina haki ya ujira wake, hilo ni fundisho la Kanisa kabisa na wala si tamaa.

Halafu mhusika wangu akapendwa. Nikawa siitwi tena jina langu la ubatizo. Mtaani, sokoni, hata kwenye foleni ya kuungama, watu waliniita jina la kwenye tamthilia. Wafuasi mtandaoni wakaongezeka kila asubuhi. Usipokuwa mwangalifu unaanza kuishi kwa ajili yao. Unakula ili upige picha ya chakula.

Mwaka jana mwezi wa Februari, bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alilazwa. Nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Nikanunua matunda, uji wa unga wa lishe na khanga mpya, nikaenda naye rafiki yangu mmoja anayejua kushika simu vizuri. Tulipofika wodini nikamsalimia bibi, nikamwambia nataka tupige video fupi. Akatabasamu, akajiweka sawa kitandani kwa shida, akavuta khanga afunike mvi. Nikaingia mlangoni upya, kama vile ndiyo kwanza nafika. Nikampa matunda. Mwanga haukuwa mzuri, tukarudia. Mara ya tatu nikapiga ishara ya msalaba, nikamshika mkono na kusali kwa sauti, machozi yakanitoka, maana machozi ni sehemu ya kazi yangu na najua kuyaita.

Rafiki yangu aliposhusha simu, bibi akaniuliza, "Umemaliza, mjukuu wangu?" Nikasema ndiyo bibi. Akasema, "Haya, sasa kaa."

Nilikaa, ila nilikaa nikichagua muziki wa kuweka kwenye ile video. Bibi alikuwa anaongea. Alikuwa anasimulia kitu kuhusu mama yangu alipokuwa mdogo, kuhusu kisima na ndoo iliyotumbukia. Nilikuwa naitikia "ehee, ehee". Video ilitazamwa mara zaidi ya elfu arobaini, na watu wakaandika kwamba mimi ni mfano wa kuigwa kwa vijana. Bibi alifariki siku kumi na moja baadaye, nikiwa lokesheni. Hadi leo sijui ile hadithi ya kisima iliishaje, na hakuna mwingine anayeijua. Nimewauliza wajomba wote.

Tulimzika siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Nikaenda kupakwa majivu. Shemasi akaanza kusoma ile Injili, na alipofika kwenye sadaka na tarumbeta nilishindwa kusimama. Risiti yangu ilikuwa mfukoni, kwenye simu. Elfu arobaini na kitu. Nimelipwa chote.

Baada ya hapo niliwaza kuacha kuigiza. Niliposema hivyo kwenye kuungama, padre hakunikubalia wala kunikatalia. Alinipa kazi ya nyumbani. Aliniambia nikasome maisha ya kijana mmoja mwigizaji wa Poland aitwaye Karol Wojtyła. Nikasema, "Baba, si ndiye Papa Yohane Paulo wa Pili?" Kwetu picha yake ipo ukutani, na mama ana khanga ya alipokuja Tanzania Septemba 1990. Padre akasema, "Papa unamjua. Mwigizaji humjui." Kweli sikumjua.

Karol alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Wadowice. Alifiwa na mama akiwa na miaka minane, na kaka yake, daktari, alikufa mwaka 1932 kwa ugonjwa alioambukizwa na mgonjwa. Shuleni alikuwa nyota wa michezo ya kuigiza. Mara moja mwenzake mmoja alikosekana siku mbili tu kabla ya onyesho, Karol akacheza nafasi mbili, kwa sababu alikuwa ameshika maneno ya mwenzake pia. Mwaka 1938 alihamia Kraków na baba yake kusoma lugha na fasihi ya Kipoland chuo kikuu. Alijua anakotaka kwenda: jukwaani.

Septemba 1939 Wajerumani wakaivamia Poland. Chuo kikafungwa. Karol akapata kibarua kwenye machimbo ya mawe ya kampuni ya Solvay, baadaye kiwandani, akibeba ndoo za chokaa zilizoning'inia kwenye mti mabegani. Huyo aliyezoea kupigiwa makofi! Tarehe 18 Februari 1941 alirudi kutoka kazini akiwa amembebea baba yake chakula na dawa, akamkuta amekufa. Alikuwa hajafika miaka 21 na hakubakiwa na mtu nyumbani. Alikesha akisali kando ya maiti.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Na yeye hakuwepo baba yake alipokata roho. Tofauti ni kwamba alikuwa ameenda kutafuta mkate.

Sasa angalia alivyoigiza baada ya hapo. Mwaka huo huo wa 1941 yeye na wenzake wachache, pamoja na mwalimu wao Mieczysław Kotlarczyk, walianzisha kikundi kilichokuja kuitwa Teatri ya Rapsodi. Wajerumani walikuwa wamepiga marufuku utamaduni wa Kipoland, na kukamatwa kungeweza kuwapeleka kambini au kwenye kifo. Kwa hiyo waliigiza kwa siri kwenye vyumba vya watu, mapazia yamefungwa, bila mandhari ya jukwaa, bila mabango, wageni wakiwa wachache. Waliobaki nacho ni neno tu. Inasimuliwa kwamba onyesho moja likiendelea, kipaza sauti cha Wajerumani nje kilianza kutangaza ushindi wao wa vita, na Karol akaendelea kusema shairi lake kwa sauti ile ile, hakuipandisha wala hakunyamaza.

Mimi nimelifikiria sana hilo. Kazi bora kabisa ya uigizaji aliyoifanya huyu mtu ilionwa na watu wanaotosha sebuleni, na wao wenyewe hawakuruhusiwa kumwambia mtu yeyote kwamba wameiona. Hakuna picha iliyosambazwa, kwa sababu ingeua watu.

Na kuna mtu mwingine kwenye hadithi hii ambaye wengi hatumtaji: Jan Tyranowski, fundi cherehani. Baada ya Wajerumani kuwakamata mapadre wengi Wasalesiani wa parokia yao, mlei huyu aliwalea vijana katika vikundi vya Rozari Hai, na ndiye aliyemfundisha Karol kusoma maandishi ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Fundi nguo! Kila anayetafuta mlezi wa kiroho maarufu mtandaoni, naomba kwanza atazame nani anashona nguo mtaani kwao.

Mwaka 1942 Karol aliingia seminari ya siri ya Askofu Mkuu Sapieha, huku bado anafanya kazi kiwandani, na akaendelea kuigiza hadi mwaka 1943. Marafiki zake wa sanaa walimsihi asiende. Mmoja alikesha naye akimbembeleza, akimtajia hata mfano wa talanta. Hoja yao haikuwa ya kijinga, na mimi nisingejua kuijibu. Ila sanaa haikumtoka: akiwa padre na hata askofu aliandika michezo ya kuigiza, na Pasaka ya 1999 akiwa Papa aliwaandikia wasanii barua. Humo anasema, kwa maneno yangu, kwamba wenye kipaji cha sanaa ni baadhi tu, lakini kila mtu amekabidhiwa maisha yake mwenyewe ayafinyange kama fundi.

Nilirudi kwa padre nikamuuliza, "Kwa hiyo niende seminari?" Alicheka sana. Akasema nimemsoma Karol nikitafuta mwisho wa hadithi, na yeye alitaka nione katikati.

Basi katikati yangu ni hii. Bado naigiza, msimu mpya tunaanza mwezi ujao, na safari hii nimesaini mkataba. Nina mambo mawili ambayo hayapostiwi: siku ya Jumapili simu inabaki nyumbani, na mara moja kwa wiki nafanya tendo moja jema ambalo hata mlezi wangu simwambii. Hilo la pili ni gumu kuliko mnavyodhani. Mara mbili nimejikuta nalidokeza kwa ujanja ili niulizwe. Ukitaka kujaribu Kwaresima hii, anza na dogo, na usimwambie hata mchumba. Kisha jiulize usiku: je, ningelifanya vile vile kama kuna kamera?

Ile video bado ipo. Nimewahi kuweka kidole pale pa kufuta nikakiondoa, kwa sababu ndani yake kuna sauti ya bibi. Mwishoni kabisa, kabla rafiki yangu hajazima, anasikika akivuta pumzi kutaka kusema kitu. Kwa sasa nimeificha, watu wengine hawaioni.

Kesho ni zamu ya jumuiya yetu kufanya usafi kanisani, saa kumi na mbili asubuhi. Yule mama wa "kujifunza uongo" ndiye mwenyekiti, na ameshanitumia ujumbe: nisichelewe, na nije na ndoo yangu.