Kubadilisha paa la gari lililoliwa na kutu

Magari yanayofanya safari kati ya Bunia na Gety hubeba juu karibu sawa na yanavyobeba ndani. Kwenye keria hupangwa magunia ya maharage, mihogo, magodoro na madumu, na mara nyingi watu wawili watatu hukaa juu ya mzigo. Gari likirushwa na mashimo, miguu ya keria husaga rangi ya mfereji wa maji ulio ukingoni mwa paa mpaka chuma kinabaki wazi. Mvua inamalizia, maana mkoa huu wa Ituri hainyeshewi kidogo: ukiondoa Desemba hadi Februari, mfereji huo haupati siku nyingi za kukauka. Ndiyo maana Land Cruiser ya miaka ya 1980 inaweza kuwa na injini nzima na paa limeoza.

Basi usianze kwa kutafuta bati. Ng'oa keria, kwangua uchafu wote mferejini, kisha gonga polepole kwa ncha ya bisibisi kuanzia juu ya kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Chuma kizima hulia; kilichooza hunyamaza na kubonyea. Ondoa pia kitambaa cha dari uone paa kwa ndani. Ikiwa kutu iko katikati tu, mahali pa mkono mmoja au miwili, kata kipande hicho na utie kiraka. Ikiwa imeshika mfereji pande zote, badilisha paa zima. Na ikiwa imeshuka hadi kwenye nguzo za milango, tengeneza nguzo kwanza, kwa sababu paa jipya juu ya nguzo mbovu ni fedha iliyotupwa.

Mafundi wengi watakushauri utumie bati la nyumba kwa kuwa linapatikana popote. Kataa. Bati la nyumba ni jembamba mno, kwa kawaida karibu nusu ya unene wa paa la gari, ambalo huwa kati ya milimita 0.7 na 0.9. Tena limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaomtia fundi homa na kifua kubana usiku huohuo. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii moshi huo. Kinachosaidia ni kuchomelea mahali penye upepo na kuvaa barakoa inayofaa. Paa lililo bora ni la gari la aina ileile lililokufa kwa ajali ya mbele au injini. Bunia likikosekana, wafanyabiashara wa vipuri huagiza Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana kwa miaka mingi kwa vipuri vya magari ya Kijapani. Wape vipimo vya urefu na upana, na uwaombe wakate nguzo chini kabisa ya paa, siyo paa lenyewe. Nyumbani utapunguza mwenyewe.

Kabla ya kukata, pima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya kila nafasi ya mlango na ya kioo, uandike. Kisha funga vyuma vya kushikilia kutoka nguzo hadi nguzo. Kwenye Land Cruiser yenye fremu yake chini unaweza kusamehewa uzembe kidogo. Kwenye Corolla, ambayo bodi ndiyo fremu, nguzo zikisogea hata kidogo milango haitafunga tena. Toa vioo, viti na kapeti, fungua waya wa betri, na uweke ndoo za maji na mchanga karibu.

Paa halikushonwa kwa mstari mmoja. Kiwandani lilibanwa kwa nukta nyingi ndogo kando ya mfereji. Sugua rangi uzione, kisha toboa kila nukta kwa drili ya milimita 8, ukisimama mara tu bati la juu linapoachia. Hapa ndipo subira inalipa: anayekimbilia grainda hukata pia bati la chini, na hapo anakuwa amepoteza mahali pa kukalia paa jipya. Nukta zikiisha, tindo jembamba litaachanisha yaliyobaki, na watu wanne watalinyanyua.

Safisha ukingo uliobaki hadi chuma king'ae, paka rangi ya zinki inayovumilia kuchomelewa, na uweke paa jipya likiwa limebanwa kwa koleo pande zote. Funga milango yote na ujaribu kioo cha mbele kabla ya moto wowote. Mashine ya waya ndiyo ya kazi hii. Kuchomelea kwa moto wa gesi hupinda bati, na vijiti vinene hulitoboa. Gesi ya kaboni dayoksaidi ya mashine ya waya isipopatikana, tumia waya wenye dawa ndani. Choma nukta moja mbele, nyingine nyuma, kisha upande wa pili, ukiacha kila moja ipoe. Ukifuata mstari moja kwa moja, paa litafanya mawimbi ambayo mastiki haitayaficha kwa muda mrefu.

Ukimaliza kuchomelea, paka paa rangi; ikikauka, jaza maungio kwa gundi ya bodi na umwagie paa maji mengi huku mtu akiwa ndani na tochi. Palipovuja parekebishwe kabla kitambaa cha dari hakijarudi. Keria irudishwe mwisho, kila mguu ukiwa na kipande kinene cha mpira wa tairi, na kila mwisho wa mwezi uifungue, uoshe mfereji na kugusia rangi pale ilipochubuka.