Nianzie wapi kujifunza kiini cha mfumo endeshi?

Swali: Najua C kiasi. Nataka kujifunza kuandika kiini cha mfumo endeshi. Nianze na Linux?

Jibu: Hapana, si sasa. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, leo ina mamilioni ya mistari ya msimbo, utapotea humo. Anza na xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa chuo cha MIT, Marekani. Huo unaweza kuusoma wote. Uendeshe ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima: kiini kikigoma, unawasha upya na laptopu yako inabaki salama. Kisha ongeza wito mmoja wa mfumo, yaani ombi ambalo programu hupeleka kwa kiini. Ila hiyo C ya "kiasi" haitoshi. Zipige msasa pointa kwanza.