SOMO LA ROBO HII: KIPANDE CHA TITI LENYE AFYA KINA FAIDA GANI?



Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo kwa wengi ni geni: mama asiye na ugonjwa wowote anakubali kutolewa kipande kidogo cha titi lake ili wataalamu wajifunze juu ya saratani. Hili si tangazo la kuwaita akina mama wa Sumbawanga, Nkasi au Kalambo wakatoe sampuli. Lengo ni kamati zielewe, ili swali likifika parokiani lisijibiwe kwa hofu wala kwa haraka.

Kwa nini titi zima?

Mkulima wa Ufipa akiona mahindi yamenyauka, hulinganisha mche mgonjwa na mche mzima wa mbegu ileile, katika udongo uleule. Asipoujua mzima ulivyo, hawezi kusema mgonjwa umeharibika wapi. Watafiti nao wana shida hiyo. Kwa miaka mingi walitumia nyama iliyo kando ya uvimbe wa saratani kana kwamba ni nzima, kumbe nayo huenda imeshaanza kubadilika.

Mwaka 2007 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, benki ya sampuli za matiti yenye afya, iitwayo Komen Tissue Bank. Mama anayejitolea huchomwa sindano ya ganzi, kisha daktari huchukua kwa sindano maalumu vipande vidogo ambavyo kwa pamoja ni kama njegere mbili. Hutoa pia damu, na kujibu maswali: umri, uzazi, kunyonyesha, dawa anazotumia na magonjwa ya ukoo. Sampuli hugandishwa mara moja. Mama huweza kubaki na maumivu kidogo, alama ya kuvilia damu na kovu dogo.

Inatuhusu nini sisi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ipo aina moja kali, isiyo na vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi huvilenga. Aina hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, na mara nyingi katika umri mdogo.

Mwaka 2024 watafiti wa Indiana, wakiongozwa na Profesa Harikrishna Nakshatri, walichapisha ramani ya chembe hai za matiti yenye afya kutoka kwa wanawake wa asili mbalimbali. Walionyesha kwamba chembe za wenye asili ya Afrika zina tofauti zake hata kabla ya ugonjwa kuingia. Bila wanawake waliojitolea, jambo hilo lisingeonekana. Wanawake wa Kenya nao wamechangia benki hiyo. Lakini Afrika ni kubwa. Wamarekani weusi wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na mwanamke wa Ufipa hawezi kuhesabiwa kuwa sawa nao. Tusipokuwemo katika ulinganisho, dawa zitaendelea kutengenezwa kwa kuwatazama wengine.

Hofu ina sababu

Wazee husema jina Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi". Katika nchi ambako habari za mumiani zimesimuliwa vizazi na vizazi, mtu akisikia kipande cha mwili kinakwenda ng'ambo, hushtuka. Tusimcheke. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, madaktari walichukua chembe za saratani za mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwomba ruhusa. Chembe hizo zimetumika katika maabara za dunia nzima na kuwaletea watu fedha, ilhali familia yake haikujua lolote kwa zaidi ya miaka 20. Ni mwaka 2023 tu ilipofikia makubaliano na kampuni moja iliyonufaika nazo.

Dawa ya hofu hiyo ni ridhaa ya kweli. Kabla ya kusema ndiyo, mama aulize:

1. Je, utafiti una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)?
2. Sampuli itatunzwa wapi? Ikienda nje ya nchi, mkataba wa kuisafirisha uko wapi?
3. Je, nimeelezwa kwa Kiswahili, au kwa Kifipa, hadi nikaelewa?
4. Nikikataa, au nikibadili mawazo baadaye, nitatibiwa kama kawaida?
5. Jina langu litafichwaje?
6. Matokeo yataturudia kwa njia gani?

Padre, katekista au mwenyekiti wa kamati asimjibie mama. Mwili ni wake.

Tusichanganye mambo

Kutoa sampuli kwa utafiti si kupimwa saratani, wala si tiba. Mama anayeona uvimbe titini au kwapani, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, au ngozi kuwa kama ganda la chungwa, aende hospitali mapema. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache. Kutoka Sumbawanga hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengine hukwama kwa nauli. Wafadhili wetu, hapo ndipo msaada wenu unapookoa mtu leo. Faida ya utafiti huenda ikawafikia wajukuu.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Katika jumuiya zetu, nini huwachelewesha akina mama kwenda kupimwa?
- Mtu anayetoa kitu asichotarajia kufaidika nacho yeye mwenyewe, tumlinde vipi?
- Je, parokia yetu inaweza kuwa na mfuko mdogo wa nauli za wagonjwa?